Makala ya utafiti ianze na swali

Mhariri,

Maneno "utafiti umebaini" hayakosekani magazetini, na wasomaji wengi huyapokea kama kauli ya mwisho. Wanafunzi nao, wakitakiwa kuandika makala ya utafiti kwa mara ya kwanza, hupewa orodha ya sehemu zake (utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, marejeleo) wakaijaza kama fomu ya maombi. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja: hatujaelezana vya kutosha kitu chenyewe ni kipi.

Makala ya utafiti ni jibu la swali moja, linaloandikwa pamoja na ushahidi wake na njia iliyotumika kuupata, ili mtu asiyemfahamu mwandishi aweze kuikagua kazi hiyo au kuirudia. Kusoma vitabu 20 na kupanga yaliyomo ni kazi ya maana, ila hayo ni mapitio ya maandishi. Urefu nao si hoja. Makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA ilichukua ukurasa mmoja na kitu.

Rasimu nyingi huharibika kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa. Mwanafunzi huja na mada kama "Athari za simu kwa vijana". Athari zipi? Vijana wepi? Hapo hakuna kinachoweza kujibiwa. Ibane hadi iwe swali: je, vijana wa miaka 14 hadi 16 wanaolala na simu chumbani hulala saa chache kuliko wenzao wanaoiacha nje? Sasa inajulikana nani aulizwe, nini kipimwe na kundi lipi lilinganishwe na lipi. Kuna jaribio jepesi: chora jedwali la matokeo likiwa tupu kabla ya kwenda kukusanya data. Ukishindwa kuandika vichwa vya safu zake, swali lako bado ni pana mno.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo mhakiki wa jarida, yaani mtaalamu anayeikagua makala kabla haijachapishwa, huisoma kwa jicho kali. Sentensi hii tunaiona kila mwaka: "Data zilikusanywa kwa hojaji na kuchambuliwa kitaalamu." Haisemi lolote. Ilinganishe na hii: "Hojaji za maswali 18 ziligawiwa kwa wanafunzi 358 waliopatikana kwa kura kutoka orodha ya wanafunzi 1,000, zilirudi 291, na 5 ziliachwa kwa kuwa hazikujazwa vya kutosha, hivyo zilizochambuliwa ni 286." Msomaji wa sentensi ya pili anaweza kukubali au kubisha. Wa kwanza hana pa kushika.

Namba hizo hazikuokotwa. Wengi hutumia kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu wa kuchunguzwa: idadi ya watu wote igawanywe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa linalovumilika. Kwa watu 1,000 na kosa la 0.05, ni 1,000 kugawanya kwa 3.5, yaani 286. Ukitarajia asilimia 80 tu warudishe hojaji, gawanya 286 kwa 0.8, utoe nakala 358. Kwa kosa hilohilo sampuli haivuki 400 hata watu wakiwa milioni, jambo linalowashangaza wengi. Lakini kanuni inadai kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Aliyegawa hojaji kwa marafiki zake, au kwa yeyote aliyempita mlangoni, hawezi kuokolewa na hesabu. Wala haifai kuitumia kwa mahojiano ya kina, ambako watu 15 au 20 waliochaguliwa kwa sababu zinazoelezeka huweza kutosha, na mtafiti huacha pale majibu mapya yanapokoma kuleta jambo jipya.

Matokeo na mjadala visichanganywe. Matokeo husema kilichoonekana. Mjadala hueleza maana yake, kinavyolingana na kazi za wengine na mahali kinapolegea. Asilimia iambatane na idadi, maana "asilimia 70 ya wahojiwa" inaweza kuwa watu 7 kati ya 10. Tena kuna mtego wa sababu. Wenye simu chumbani wakionekana kulala saa chache, bado haijathibitika kwamba simu ndiyo iliyowanyima usingizi. Huenda wasiopata usingizi ndio wanaoishika simu. Hojaji iliyojazwa mara moja haiwezi kutenganisha mambo hayo, na mwandishi mwaminifu hulisema hilo mwenyewe kabla hajaumbuliwa.

Mpangilio wa kusoma si mpangilio wa kuandika. Mbinu iandikwe kwanza, tena sehemu yake kubwa kabla ya kukusanya data, kwa sababu miezi miwili baadaye hutakumbuka kwa nini zile hojaji 5 ziliachwa. Zifuate jedwali za matokeo, kisha mjadala, ndipo utangulizi. Ikisiri, yaani muhtasari unaotangulia makala, ambayo kwa kawaida haizidi maneno 250, iwe ya mwisho kuandikwa: tatizo, swali, mbinu pamoja na idadi, tokeo kuu pamoja na namba yake, na maana yake. Ikisiri inayoahidi kwamba "makala itajadili mambo mbalimbali" iliandikwa mapema mno.

Kuhusu marejeleo, kila aliyetajwa ndani awe kwenye orodha ya mwisho, na kila aliye kwenye orodha awe ametajwa ndani. Ni kazi ya saa moja na kalamu. Kubadilisha maneno mawili matatu ya aya ya mtu bado ni wizi. Na tahadhari ya siku hizi: programu za akili mnemba huweza kutunga rejeleo lenye jina la jarida, mwaka na kurasa ilhali makala yenyewe haijawahi kuandikwa. Usirejelee usichokifungua na kukisoma.

Hata kazi iliyopita kwa wahakiki yaweza kuanguka. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Waliochunguzwa walikuwa watoto 12, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Jarida liliifuta mwaka 2010, baada ya wazazi wengi kuwa wamekwisha kuiogopa chanjo. Idadi ile ya watoto 12 ilikuwamo ndani ya makala tangu siku ya kwanza, kwa yeyote aliyejua sehemu ya kutazama.

Kwa hiyo, Mhariri, tunaomba jambo dogo. Gazeti linapoandika kwamba utafiti umebaini hili au lile, liongeze mistari miwili: waliochunguzwa ni wangapi, walipatikanaje, walilinganishwa na nani, na makala imetoka katika jarida gani. Nafasi ikibana, ipunguzwe picha.

Wasimamizi wa tafiti za wanafunzi