Emuleta ingoje, anza na chipu

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Kuhusu ile kompyuta ya injini ya Honda, P28, ambayo taa ya injini haizimiki tangu uchomeke emuleta (kifaa kinachoiga chipu ya kumbukumbu): itoe kwanza. Bodi ijaribiwe kwa chipu ya kawaida, la sivyo hutajua kosa liko kwenye lehemu, faili au kebo.

Nafasi ya chipu ya nje iliachwa tupu na kiwanda. Inataka soketi ya pini 28, chipu ndogo moja ya 74HC373, kapasita mbili za 0.1 µF, rezista ya kilo-omu 1 na kipande cha waya pale palipoandikwa J1 kwenye bodi. J1 ndiyo inayosahaulika sana. Bila hiyo prosesa huendelea kusoma programu yake ya ndani, na gari hutembea kama vile hujagusa kitu. Wewe taa imewaka, kwa hiyo J1 yako inafanya kazi. Shuku 373 (ndiyo inayoshika biti 8 za chini za anwani, maana pini zilezile hupitisha na data), au yaliyomo ndani ya chipu.

Mimi ningeanza na yaliyomo. Faili yako ina baiti 32,768, lakini chipu ya 27SF512 hubeba mara mbili yake. Pini 1, ambayo kwenye 27C256 (chipu ya nusu ya ukubwa huo) ni Vpp, yaani volti ya kuandikia, kwenye 512 ni A15, yaani biti ya juu kabisa ya anwani, na bodi imeiunga na volti 5. Prosesa basi husoma nusu ya juu tu. Faili ianzie anwani 8000 heksa, mwanzo wa nusu hiyo; ukiiweka 0000, prosesa inakuta FF tupu, yaani baiti zisizoandikwa. Emuleta ikiambiwa iige 512, hesabu ni hiyohiyo.

Kama lehemu haijatoka vizuri kwenye mashimo, usilazimishe. Matundu ya graundi hunyonya joto, kwa hiyo ongeza lehemu mpya kidogo, iyeyuke yote, ndipo uvute. Ukisukuma mguu kwa nguvu, duara la shaba hung'oka pamoja na njia yake.

Chipu ikikubali, zima swichi, rudisha emuleta, pini 1 upande wa pengo la soketi. Kebo iwe fupi na ipite mbali na koili. Ukimaliza kurekebisha jedwali la mafuta, liandike kwenye chipu uache hiyo garini badala ya emuleta. Mtikisiko hulegeza kebo bapa.

Niandikie taa inasemaje ukishahamishia faili 8000.

Wako