Mrudishie Junior wimbo wake

Shoga yangu Rehema,

Salamu kutoka Tanga. Huku wazima, ila mama miguu bado inamsumbua. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Yule bwana kajaliwa sauti ya mahubiri, nusura niamini. Eti "Ring a Ring o' Roses" wanaoimba watoto wetu chekechea ni wimbo wa tauni ya London ya 1665: waridi ni vipele vyekundu, maua ya mfukoni ni ya kufukuza hewa mbaya, chafya ni dalili, kuanguka ndiyo kufa. Na wewe ukamkataza Junior asiuimbe tena!

Shoga, mrudishie mtoto wimbo wake.

Mimi na wewe tumekulia Lushoto. Tauni iliingia kule 1980, ikawa inakwenda na kurudi kwa zaidi ya miaka 20. Unakumbuka tulivyokuwa tukikatazwa kugusa panya aliyekufa? Mtoto akipata homa, wakubwa walimpapasa wapi? Kinenani na kwapani, wanatafuta mitoki. Hakuna aliyetushtukia kwa kupiga chafya. Ipo ile ya mapafu, najua, lakini hiyo mtu anakohoa damu. Duara la waridi usoni sijapata kulisikia kwa bibi yeyote.

Halafu kuna suala la miaka. Samuel Pepys alikuwa London wakati ule akiandika shajara yake siku baada ya siku. Hata tumbaku aliyonunua aitafune kwa hofu, baada ya kuona milango ya wagonjwa imetiwa misalaba myekundu, ameiandika. Wimbo huu haumo. Kitabu cha Kate Greenaway, miongoni mwa vya kwanza kuuchapa Uingereza, ni cha 1881. Hesabu mwenyewe: miaka 216. Na humo hakuna hata chafya moja! Watoto wanaambiana kimya, kimya, kisha wanaanguka. Hadithi yenyewe ya tauni ndiyo changa kuliko wimbo. Imevuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Iona na Peter Opie, mume na mke waliokusanya nyimbo na michezo ya watoto wa Uingereza kwa miaka mingi, hawakuikubali.

Lakini ufundi wa yule bwana nimeupenda, nikaujaribu papo hapo. Chukua ukuti ukuti. Mnazi ni Sultani wa Zanzibar. Upepo ni manowari za Waingereza, Agosti 1896. Kutetemeka ni zile dakika 38 hivi za mizinga, mpaka bendera ikashuka. Umeona ilivyokaa? Nimeitunga nazi ikiwa mkononi, haijafika hata nusu. Ukimpa yule bwana, kesho utaletewa na muziki wa huzuni nyuma yake.

Kilichonifurahisha zaidi nimekikuta Marekani. William Wells Newell alitoa kitabu cha michezo ya watoto wa huko mwaka 1883, na moja ya namna alizoziandika za wimbo huu inasema hivi: atakayechelewa kuchuchumaa, ataje anayempenda kuliko wote. Basi! Kumbe kuanguka kulikuwa kwa ajili ya hilo, wasichana wanatafutana siri. Sisi tungekuwa tunaujua mchezo huo darasa la sita, wewe ungechuchumaa kabla wimbo haujaanza, na sababu unaijua.

Jana jioni niliwachezesha Asha na wenzake wa jirani hapa uani kwa kanuni hiyo. Wote wakashuka chini, yeye kabaki amesimama, anahangaika na kandambili iliyokatika. Wenzake wakamzonga: taja, taja! Akafikiri weeee, mimi mama yake nimesimama pale pale natabasamu nangoja jina langu.

Akasema, "Ubuyu."

Nisalimie shemeji, na Junior umwambie namsubiri likizo.

Wako,
Zuhura