Shemeji, fidla haikuwa na kosa

Shemeji,

Simu hupokei, basi tuyamalize hapa hapa. Ulivyojitolea kwenye shughuli ile sijasahau, na Mungu akuzidishie. Ila lile neno ulilomwambia binti wa fidla mbele ya wageni, "hujui kutyuni", limenikaa kooni.

Fidla yake ilikuwa kwenye noti ya A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), sawasawa. Zumari yako ya mfuko ndiyo iliyokuwa juu. A ya zumari za Scotland hulia 470 na ushei. Ukamlazimisha apandishe nyuzi zote nusu sauti. Hapo mkazo wa uzi huongezeka kama asilimia 12, na ule mwembamba wa E hauvumilii. Ukakatika, ukamchapa shavuni, nawe mfuko hukuutoa hata kwapani.

Halafu unaniletea Battlefield Band, bendi ya muziki wa asili wa Scotland, kuwa ushahidi kwamba fidla ndiyo huifuata zumari! Vijana wale walianza Glasgow 1969, wakajiita kwa jina la mtaa. Sikiliza albamu yao ya 1977 iliyotolewa na kampuni ya Topic: fidla ya Brian McNeill, na chini yake kinanda cha kukanyaga cha Alan Reid. Kinanda kile kina vilimi vya chuma, vibamba vinavyotetema kutoa sauti, vilivyokwishapigwa tupa kiwandani, hupandishi, hushushi. Wengine ndio hukifuata. Zumari kubwa ya Duncan MacGillivray imekuja 1979, nyumba imeshasimama. Wewe umeanzia kwenye paa.

Siku nyingine ipulize dakika 10 ipate joto kabla ya kuilinganisha, maana ikiwa baridi iko chini na itapanda katikati ya wimbo. Linganisha bomba la vidole kwanza, lile lenye matundu, na yale matatu ya mgumio, yanayotoa sauti moja tu, baadaye. Ukivuta kilimi cha bomba la vidole nje kidogo sauti inashuka; noti moja ikikaidi kushuka, bandika utepe ukingo wa juu wa tundu lake. Lakini hezi 30 haziondoki kwa utepe, shemeji! Tafuta bomba lililochongwa kwa A ya 440.

Najua utauliza mbona nilinyamaza. Ningesemea wapi, na chombo chenyewe hakina pa kupunguzia sauti? Na nilikwambia mapema kwamba wimbo ule unataka noti ya G iliyopandishwa nusu sauti. Bomba lako lina noti 9 tu, hiyo haimo. Ulicheka.

Uzi wa E nimemnunulia mimi. Samahani ni yako, na namba yake unayo.