Komiki mpya na kikao cha Jumamosi

Wakuu habari za jioni, natumai wote mmefika nyumbani salama maana mvua ya leo huku Igoma haikuwa ya mchezo.

Ile komiki ya dada yetu wa Sengerema nimeimaliza, nimeirudia mara tatu ndani ya kivuko cha Kamanga, aisee ule ukurasa wa nne, mvuvi kashika karabai halafu dagaa ni vidoti vyeupe tu kwenye wino mweusi, hakuna neno hata moja na bado unasikia baridi ya ziwa!! Shida naiona kwenye maandishi, kwenye simu ni madogo mno. Na nyie mkitoa maoni semeni ukurasa gani na kiboksi kipi, jamani "kali sana" haimsaidii mchoraji.

Habari za wachapishaji sasa. Diamond, wale wasambazaji wakubwa wa komiki wa Marekani, waliomba kinga ya kufilisika Januari 2025, wachapishaji wakubwa DC walishawaacha tangu 2020 na wenzao Marvel wakahamia kwa msambazaji mwingine, Penguin Random House, 2021, kwahiyo walioumia zaidi ni wachapishaji wadogo ambao mzigo wao ulikuwa umekaa kwenye maghala ya Diamond na hela wanadai, inaniuma kweli maana hao ndo wanaojaribu vitu vipya.

Jumamosi saa kumi jioni tukutane Capri Point hapa Mwanza, upande wa Jiwe la Bismarck. Mwenye magazeti ya katuni ya Sani ya zamani ya baba yake aje nayo, ila ayafunge kwenye nailoni yasilowe.