Andika tano, beba moja

Mbeya

Mwalimu mwenzangu,

Kamwene. Barua yako kutoka Njombe imefika, pole sana na baridi ya huko. Unauliza historia ya mashine za hesabu uwaanzishie wapi kidato cha kwanza, ukiwa na ubao na chaki tu. Waanzishie pale wanapopajua: 8 na 7 ni 15, andika 5, beba 1. Kwenye mashine za kwanza kila tarakimu ilikuwa gurudumu lenye namba 0 hadi 9, na kuligeuza hakukuwasumbua sana mafundi. Kilichowasumbua ni hiyo "beba 1".

Blaise Pascal alianza kuihangaikia mwaka 1642 huko Rouen, Ufaransa, ili kumpunguzia baba yake mzigo wa mahesabu ya kodi. Njia ya haraka ingekuwa jino moja refu linalosukuma gurudumu la jirani kila likizunguka. Sasa andika ubaoni 99999 + 1. Jino la kwanza linatakiwa kusukuma magurudumu yote kwa mpigo, na msuguano unalikwamisha. Pascal akaweka kati ya kila magurudumu mawili mkono mdogo wenye uzito. Gurudumu linapotoka 0 kwenda 9 linaunyanyua taratibu. Likipita 9 mkono unaanguka na kumsukuma jirani hatua moja. Kila gurudumu lilikuwa limeshaweka akiba ya nguvu yake lenyewe. Kwangu huo ndio ufundi mzuri kuliko wote wa karne ile.

Ulikuwa na gharama. Mashine inategemea uzito kuanguka, hivyo ikiinama inakosea. Pia magurudumu hayarudi nyuma, kwa hiyo kutoa kunafanywa kwa kujumlisha. Wape 742 − 285. Kila tarakimu ya 742 itolewe kwenye 9: 257. Jumlisha 285, upate 542. Itoe tena kwenye 9: 457. Waache wabishane kwa nini inakubali, usiwaeleze mapema.

Mashine ya Mjerumani Leibniz na ngoma yake (silinda) yenye meno 9 ya urefu tofauti, kisha ile ya Mfaransa Thomas de Colmar ya mwaka 1820, zipitie kwa dakika chache. Simama kwenye ENIAC, kompyuta ya Marekani iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946: valvu (mirija ya kioo inayofanya kazi kama swichi za umeme) zaidi ya 17,000, kujumlisha mara 5,000 kwa sekunde, na bado ilihesabu kwa makumi, kila tarakimu ikihitaji mlolongo wa swichi kumi. Valvu ziliharibika zaidi wakati wa kuwasha na kuzima, ndiyo maana waliona bora iachwe ikiwaka.

Hapo sasa ingia kwenye kizio cha mbili, yaani kuhesabu kwa 0 na 1 tu, na chaki uiweke chini. Simamisha wanafunzi wanne kwa mstari, wakilitazama darasa. Aliye kulia kwa watazamaji ni 1, anayefuata 2, kisha 4, kisha 8. Mkono juu ni moja, mkono chini ni sifuri. Wewe unamgusa wa kwanza tu, mguso mmoja kwa kila hesabu. Akiguswa, mtu anageuza mkono wake. Akiwa ameushusha, anamgusa jirani aliye upande wake wa kulia. Akiwa ameupandisha, anatulia.

Makosa yatakuwa mawili. Kwanza, watachanganya kulia kwao na kulia kwa darasa, kwa hiyo chora mishale sakafuni. Pili, watamgusa jirani hata wanapopandisha mkono, na namba itaruka. Wakizoea, wafikishe 7, kisha gusa tena na uwaambie waende polepole. Darasa litasoma 6, halafu 4, halafu 0, ndipo 8. Usiwaharakishe hapo. Majibu hayo matatu ya uongo hutokea pia ndani ya vifaa halisi, kwa sababu kubeba kunachukua muda. Mapigo ya saa ya prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, yanaipa mashine muda wa kutulia kabla jibu halijasomwa.

Waambie pia kwamba prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971, iliyoagizwa na Busicom ya Japani kwa ajili ya kikokotoo, ilishughulikia biti nne (tarakimu nne za 0 au 1) kwa wakati mmoja, sawasawa na mstari wao. Ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, kama 2,300. Ukimaliza hilo, ongeza wanafunzi wawe wanane na uwaulize wataishia namba gani kabla mikono yote haijashuka.

Niandikie walikwama wapi. Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa Mbeya