Faini ya dereva si fidia ya majeruhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalokutana nalo karibu kila wiki. Nina steshenari ndogo hapa Mafiati, jijini Mbeya. Natoa nakala, napiga chapa, na wasiozoea barua rasmi huniomba niwaandikie. Kwa kuwa barabara kuu iendayo Tunduma iko jirani, wateja wangu wengi ni majeruhi wa ajali au ndugu zao.

Mwezi uliopita alikuja mama muuza viazi kutoka Uyole, akitembea kwa magongo. Alifungua pindo la kanga akatoa PF3, ile fomu ya polisi anayopewa majeruhi, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachia, pamoja na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa peni ya bluu kwamba amepokea shilingi 150,000 kutoka kwa dereva aliyemgonga na kwamba "tumemalizana, sitadai tena". Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba. Alihitaji nakala ya PF3 tu, kwa sababu hospitali ilikuwa imemwita arudi kutolewa chuma mguuni. Nilipomuuliza gari lile lilikuwa na bima ya kampuni gani, alinijibu, "Bima si ya mwenye gari, mwanangu? Mimi gari sina."

Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi, hata waliosoma. Ukweli ni kwamba ile tunayoiita bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, haitengenezi gari la mwenye kuikata hata bampa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kuwa nayo ili akimuumiza au kumuua mtu barabarani pawepo mfuko wa kulipa, na huyo mtu wa tatu ndiye mama yule mwenye magongo, ambaye hakuwahi kuiona stika yenyewe.

Kosa la pili ni la faini. Dereva yule alifikishwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, na familia ya mama ikarudi nyumbani ikiamini kwamba kesi imekwisha. Kesi ile ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva. Mama alikuwa humo kama shahidi, na faini iliingia serikalini. Mahakama ya jinai inaweza pia kuamuru fidia, ingawa katika makaratasi yanayopita mezani kwangu bado sijaona amri ya namna hiyo. Fidia hudaiwa kwa njia yake, kwanza kwa barua ya madai, na ikishindikana kwa kesi ya madai dhidi ya dereva pamoja na mwenye gari, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini. Hapo nakala ya hukumu ile ya faini huwa ushahidi mzito. Kampuni ya bima nayo ipewe taarifa ya kesi kwa maandishi mapema kabisa, maana isipopewa hupata mlango wa kukataa kulipa hukumu.

Muda nao haungoji mguu upone. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mazungumzo ya "subiri tajiri arudi safari" hayaisimamishi saa hiyo.

Kuhusu vielelezo, naomba niwe mkali kidogo. Gharama za dawa, za nauli ya bajaji kwenda kliniki na za kipato kilichopotea, mahakama huzitaka zithibitishwe moja baada ya nyingine, wakati maumivu na ulemavu hakimu huvipima kwa busara yake. Mama yule alikuwa amewashia moto wa jikoni risiti zote, akisema hakuna aliyemwambia zina kazi. Na anayeletewa hati ya malipo na kampuni ya bima asiisaini kabla ya kusomewa yote, kwa sababu kwa kawaida hati hiyo husema kwamba kilichopokelewa ndicho cha mwisho. Aliyeumia kazini, iwe kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au viwanda vya mbao vya Mafinga, ana mlango mwingine, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri bila kukata mshahara wa mfanyakazi.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi ni dogo. Askari anapokagua gari lililopata ajali, huiangalia bima. Basi, majeruhi anapopewa PF3, apewe pia kipande cha karatasi chenye namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya bima hiyo. Najua bima huweza kuhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kwamba kampuni ikigoma kulipa, malalamiko hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini mtu aliyelazwa na mguu umefungwa jiwe hana nafasi ya kuanza kutafuta mifumo, na wakati huo dereva yuko kando ya kitanda na karatasi yake ya daftari.

Mama wa Uyole nilimwandikia barua ya kuomba taarifa hizo kituoni bila kumtoza. Hii ni wiki ya 3, na hajajibiwa. Tangu agongwe imepita miaka 2 na miezi 4.

Msomaji wako,
Mafiati, Mbeya