Redio ya ridhaa ifundishwe vijana wa Lamu

Mhariri,

Nimesoma ripoti yenu kuhusu vijana wa Lamu wanaokosa shughuli jioni. Ipo moja isiyozeeka: redio ya ridhaa, yaani kuzungumza na watu wa mbali kwa mawimbi ya redio, kwa kujifurahisha tu, si kwa biashara. Nina miaka 71, na usiku bado nawasha mtambo wa wati 100 (ni umeme wa balbu moja ya zamani) na kuzungumza na wenzangu wa Bara Hindi. Waya wangu wa shaba wa kurushia na kunasia mawimbi, mita 20, nimeufunga kwenye mnazi. Kunguru wameufanya kiti chao.

Isitoshe, minara ya simu ikizimika, redio hii huendelea kwa betri ya gari. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Naiomba kaunti inunue mtambo mmoja, uwekwe maktaba. Kufundisha nitafundisha mwenyewe, bure.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu